Kipande cha Kwanza Hakiuzwi

Kitale, 18 Januari 2025

Dada Nduta,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima. Tabby anakusalimu, na Kui wetu ameng'oka meno ya mbele yote mawili, sasa anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Mahindi tumeshavuna na kukausha, na yaliyozidi Hiram aliyapeleka Moi's Bridge kwa pikapu yake. Baridi ya asubuhi imezidi mwaka huu. Natumaini shemeji Walubengo na watoto wako salama, na kwamba Baba anakula.

Najua ni ajabu, watu wa siku hizi kuandikiana barua. Lakini ulisema simu inamtia Baba wasiwasi tangu apooze, ati anaangalia ukutani akitafuta mwenye sauti. Na sisi wawili, ukweli usemwe, tukishika simu tunagombana. Ile ya Desemba ulinikatia nikiwa bado naongea. Basi naandika. Hiram akija Chwele kununua vitunguu atakuachia hii, nawe umsomee Baba polepole.

Jambo lenyewe ni hili. Mashine ya waya imekufa. Stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, na tukasikia harufu ya kuungua. Fundi alitoka Nairobi, akafungua mgongo wake, akaangalia, akafunga. Ndani kumeungua, na walioitengeneza waliacha kuunda vipuri vyake zamani. Abdihakim bado anakereza vyuma kwenye lathe na anajitahidi, lakini chuma kigumu hakikatiki kwa lathe peke yake. Bila ule waya mwembamba unaokata kwa cheche ndani ya maji, hatuwezi kutoa vyuma vya kutobolea chekeche za posho mill za kusaga unga wala kalibu za sabuni, na hizo ndizo zinazotulisha. Wateja wameanza kupita mlangoni bila kusimama.

Kuna mtu anataka jengo liwe stoo ya mbolea. Amesema atangoja hadi mwisho wa Juni.

Sasa sikiliza, na umsomee Baba hapa mara mbili. Karakana hii ni yake, mimi niliikuta. Sitaleta mashine nyingine ndani bila neno lake. Akisema nunua, nitanunua. Asiposema, nafunga na jengo nalikodisha.

Ndugu yako,
Gathii


Bungoma, 16 Februari 2025

Gathii,

Tumepokea barua, na Hiram amekula ugali kwangu kabla ya kurudi. Hapa tunamshukuru Mungu. Walubengo yuko Mabanga na wakulima wake, anawafundisha mambo ya mbolea ya samadi, na anarudi nyumbani akinuka hiyo samadi. Watoto wako shule. Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mambo ya hospitali kidogo, lakini yamepita. Baba anakunywa uji, na mchana tunamweka barazani aone watu.

Nilimsomea barua yako yote. Pale uliposema mara mbili nilisoma mara mbili. Wewe na vitisho vyako. Toka utoto ukikosa unachotaka unasema hutaki tena chakula.

Baba anasema usifunge. Anasema pia usikimbilie kununua. Kwanza anauliza maji unayatoa wapi siku hizi. Kama bado ni ya kisima kile chenye chumvi, mashine yoyote utakayoleta utaiua kama ulivyoiua hiyo. Halafu anataka ujue ni zipi zinazouzwa sasa, kila moja inakata vipi, na ni nani ataitengeneza siku ikigoma. Andika yote hayo.

Anauliza pia utakuja lini. Kitale si ng'ambo.

Nduta, kwa niaba ya Baba


Kitale, 9 Machi 2025

Dada Nduta,

Hamjambo huko? Huku mvua imeanza kutishia na watu wote wako mashambani. Tabby alikuwa na homa, sasa ni mzima. Kui ameota jino moja na limekaa upande.

Nilifurahi sana Baba kujibu. Nilimsomea Abdihakim kuhusu maji akacheka, akasema mzee hajabadilika. Ni kweli bado tulikuwa tunachota kisimani. Nimeweka tangi la maji ya mvua.

Nimeuliza kila mahali, na mwisho zimebaki mashine mbili, zote ziko kwa wauzaji wa Nairobi.

Ya kwanza ni ya Kijapani, iliyotumika. Ni ndugu ya ile yetu, ila changa kidogo. Waya wake ni wa shaba, unapita mara moja na kutupwa, na ndiyo maana inakata laini sana. Chuma kinatoka kimenyooka huwezi kuamini. Lakini inataka maji safi kila wakati na stima isiyoyumba, na anayeijua vizuri yuko Nairobi tu.

Ya pili ni ya Kichina, mpya. Waya wake ni mgumu, wa kijivu, unazungushwa kwenda na kurudi, huohuo mmoja mpaka uchoke. Inakata haraka na haina maringo. Fundi yeyote wa stima anaweza kuifungua, na vipuri viko hata Eldoret. Lakini kazi yake ina mikwaruzo, na wewe unajua Baba alivyokuwa akisema juu ya kazi yenye mikwaruzo.

Mimi moyo wangu uko kwa Mjapani, na nadhani Baba atasema hivyohivyo. Mwambie nangoja neno lake. Mwambie pia sijasahau desturi yake: kipande cha kwanza kukatwa na mashine mpya hakiuzwi, anapewa aliyeichagua. Mama alipewa kile cha kwanza kwa sababu ndiye aliyesimama dukani kule Nairobi akasema chukueni ile, mkiacha ile mimi sirudi na nyinyi. Tulimzika nacho. Mara hii kitakuwa cha Baba.

Kuhusu kuja, kazi zimeniminya. Nitaona.

Gathii


Bungoma, 20 Aprili 2025

Gathii,

Pasaka njema. Tumetoka kanisani sasa hivi, watoto wanakula mandazi. Nimekaa na barua yako kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Nilikuwa na kazi ya kupanda maharagwe, na Baba anahitaji mikono miwili kumgeuza. Usiulize zaidi, ninaweza.

Eti kazi zimekuminya. Si umesema mashine imekufa? Kazi gani hiyo, bana?

Haya, Baba anasema hivi. Usinunue jina. Mjapani ni jina, Mchina ni jina. Beba chuma chako mwenyewe kutoka Kitale, kile kigumu unachotumia kwa chekeche, uende nacho Nairobi. Mwambie kila muuzaji akikate mbele yako. Asikukatie chuma chake, hicho wanakichagua. Na mashine ikiwa katikati ya kazi, mwombe azime swichi kubwa ya ukutani. Azime kabisa, kama stima ya Kitale inavyojizima. Halafu awashe, na wewe uangalie kama waya unarudi kwenye mstari wake au umesahau ulikokuwa. Muuzaji akikataa, ondoka.

Usisahau kuangalia pale pa kupitishia waya. Je, mtu mfupi anaweza kufika bila kupanda kreti? Kazi ya kupitisha waya ni ya kila siku, na mtu akiifanya huku ananing'inia anakosea.

Baba anasema umefanya vizuri kuuliza kwanza.

Nduta, kwa niaba ya Baba


Kitale, 18 Mei 2025

Dada Nduta,

Salamu. Mahindi yamefika magotini, nyasi nazo hazijabaki nyuma. Kui anauliza kama babu yake anakumbuka wimbo wa treni aliokuwa akimwimbia.

Nilienda Nairobi na chuma begani kama nilivyoambiwa. Wauzaji walinishangaa. Wa Mjapani alinikatia vizuri sana, kisha nilipomwomba azime swichi alianza kunihubiria. Nikasimama tu. Akazima. Alipowasha, waya ulikuwa umekatika na mashine haikujua iko wapi, akaanza upya kutoka pembeni, na pale ilipozimikia pakabaki kovu. Akasema ni betri ya kumbukumbu yake imechoka. Pengine ni betri.

Wa Mchina alizima bila neno, akawasha, waya ukaendelea kama mtu aliyekohoa kidogo tu. Hakuna kovu. Ila ile mikwaruzo yake iko, mwanzo hadi mwisho.

Nimempa Hiram vipande vyote viwili, nimevifunga kwa gazeti. Cha Mjapani nimekifunga kwa uzi. Mpe Baba avipime kwa ukucha wa kidole gumba, vile alivyokuwa akipima kila kitu. Mimi nimevipima mpaka ukucha umekwisha, na sijui.

Niliangalia pia pale pa kupitishia waya. Kwa Mjapani pako juu. Kwa Mchina panafika kifuani pangu, mtu mfupi atafika bila kitu. Nilipokuwa nikipima nilikumbuka ile kreti ya soda iliyokuwa karakana. Bado iko, Abdihakim anawekea glovu.

Yule wa mbolea alikuja tena, akapima sakafu kwa hatua zake. Sikupenda.

Na wewe Nduta, unayemsomea Baba haya yote, wewe unasemaje?

Gathii


Bungoma, 8 Juni 2025

Gathii,

Tuko salama. Vipande vimefika.

Baba anasema chukua ya Kichina. Sababu ni hii. Ulaini unaweza kuuongeza kwa mkono. Unachukua jiwe la kunolea na mafuta, unakaa chini, unasugua mpaka mikwaruzo iishe. Ni kazi ya kuchosha lakini inafanyika, na wateja wako wengi hata hawaitaki, posho mill haiulizi chekeche ilikatwa na nani. Mkato uliopotea stima ikizima huo huwezi kuurudisha kwa mkono wowote. Unatupa chuma na siku nzima. Na mahali penye stima kama ya kwetu, na fundi akiwa Nairobi, Mjapani yule atakuwa mgonjwa mwenye daktari mbali. Atakufia mikononi.

Basi. Ndilo neno lake. Sasa mrudishe yule wa mbolea kwake na hatua zake.

Umeniuliza mimi nasemaje. Mimi sina la kusema, Gathii. Mimi ni wa kuandika tu. Miaka yote ile niliyokuwa nikiipitishia mashine waya, nikibadilisha maji, nikisugua kazi kwa jiwe hadi vidole vinapasuka, hakuna aliyeniuliza. Siku watu wa Walubengo walipoleta mahari, Baba alichukua overoli yangu msumarini, akaipasua vitambaa vya kupangusia mafuta. Sikumwona akiwa na hasira, aliona tu haina mwenyewe tena. Mimi nililia chooni ili wageni wasinione. Leo namlisha uji na simlaumu, lakini sijasahau, na wewe usiniulize tena kwa barua kitu ambacho hamkuniuliza nikiwa mbele yenu.

Njoo umwone. Nimesema mara ngapi?

Nduta, kwa niaba ya Baba


Kitale, 24 Agosti 2025

Dada yangu Nduta,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Tabby na Kui wanawasalimu. Tumekaa kimya muda mrefu kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa na kitu mkononi.

Mashine imefika. Haikupita mlangoni, ikabidi tuvunje ukuta wa nyuma, ule Baba alioujenga kwa mawe ya mto, na tukaujenga tena kwa mawe yaleyale. Abdihakim alisoma dua yake, Tabby akaomba ya kwetu, kisha tukaiwasha. Yule wa mbolea amepata jengo kwingine. Ile ya zamani nimeiacha pembeni, imefunikwa turubai, sina roho ya kuiuza kwa kilo.

Sasa yaliyobaki.

Nduta, nimefanya kazi chini ya Baba tangu nikiwa kijana. Sijawahi hata siku moja kumsikia akiniambia nimefanya vizuri. Akiridhika alikuwa anaondoka tu. Ule mstari wako wa Pasaka niliusoma nikafurahi kama mtoto, halafu nikausoma tena, na furaha ikaniishia. Na ile habari ya kreti. Baba alikuwa akigusa dari ya karakana kwa mkono bila kupanda kitu. Mimi nikisimama wima kichwa changu kiko juu ya mashine. Katika karakana ile mtu mmoja tu alipanda kreti ya soda ili afike kwenye waya, naye aliipanda kila asubuhi miaka yote kabla ya kuolewa Bungoma.

Tangu hapo nilijua ninayemuuliza. Niliendelea kuuliza hivyohivyo, kwa sababu majibu yalikuwa ya kweli, na kwa sababu niliogopa ukiacha kuandika nitabaki peke yangu na mashine iliyokufa. Nairobi nilienda kwa neno lako. Nimenunua kwa neno lako. Ile hasira ya overoli ni haki yako, na mimi nilikuwepo siku ile na sikufungua mdomo.

Na unaniuliza kwa nini siji. Siji kwa sababu naogopa. Mwezi wa Novemba nilipokuja, wewe ulikuwa jikoni. Baba aliniangalia vizuri, akanishika mkono, akasema, “Karibu, mteja. Fundi atakuja sasa hivi.” Nilikaa naye nikamngoja huyo fundi. Sikukuambia. Tangu siku hiyo kila nikiwasha pikipiki kuja kwenu nakuta nimeizima.

Hiram ana bahasha ndogo, mwambie akupe mkononi mwako. Ni kipande cha kwanza. Nilikisugua mwenyewe kwa jiwe na mafuta. Ni chako.

Ndugu yako,
Gathii


Bungoma, 31 Agosti 2025

Gathii,

Hakuna salamu za kuzungusha leo. Tuko hai wote.

Baba hasemi. Barua yako ya Januari ilinikuta hospitali naye. Alipooza mara ya pili, na sauti haikurudi. Nilisoma pale uliposema asiposema unafunga, nikajua nikikuambia ukweli utampa yule mtu ufunguo kabla jua halijatua. Kwa hiyo nikasema mimi. Sikuona haya wakati ule na sioni haya leo. Nina huzuni tu kwamba uliamini upesi kwa sababu ilikuwa sauti ya Baba, na ingekuwa yangu ungeitia mfukoni.

Lakini hili ujue. Sikuandika hata mstari mmoja nikiwa mbali naye. Barua zako zote nilimsomea, na nilipojibu nilikaa kando ya kiti chake nikiandika huku nasema kwa sauti: Baba anasema usifunge. Baba anasema beba chuma chako. Alikuwa ananitazama mdomo. Mara ya kwanza nilimwogopa kama nilivyomwogopa nikiwa msichana. Kisha nikamzoea.

Jana Hiram alileta bahasha na barua pamoja. Barua nilikuwa bado sijaifungua. Nilitoa kile kipande nikamwekea Baba katika mkono wa kushoto, ule mzima, nikamwambia mashine imefika, hii ndiyo kazi yake. Akakaa nacho. Halafu nikaona kidole gumba kinatembea. Alipitisha ukucha upande mmoja mpaka mwisho, akakigeuza juu ya paja, akapitisha upande wa pili. Aliendelea hivyo kwa muda, na uso wake ulikuwa ule wa karakana, ule wa kutokutaka kusumbuliwa.

Nilidhani atakiangusha, nikanyoosha mkono nikichukue. Hakukiachilia. Nikamwambia basi kaa nacho, Baba, ni chako. Akanitazama. Akakiweka magotini, akaushika mkono wangu, akanifungua kiganja, akakichukua tena na kukiweka humo, kisha akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. Walubengo alikuwa mlangoni na ndoo, ameona yote. Barua yako niliisoma baadaye, nikiwa tayari nimelia.

Njoo Jumamosi, Gathii. Washa hiyo pikipiki na usiizime. Hatakuita mteja, hatakuita chochote, utakaa tu naye. Jumapili tukitoka kanisani nitarudi nawe Kitale nikaione mashine.

Na hiyo kreti mwambie Abdihakim aondoe glovu zake. Nitaikalia.

Nduta